Biti Inapokutana na Nondo

Kila fundi wa drili anaijua sauti hiyo. Tundu linaanza vizuri, vumbi la kijivu linamwagika, mashine inanguruma kwa sauti nzito, na biti inazama sentimita moja, mbili, tatu. Ghafla mngurumo unageuka mlio mkali wa chuma kwa chuma, mashine inaanza kurukaruka mkononi, na biti haisogei hata milimita. Mwenye nyumba, aliyesimama chini ya ngazi, anauliza: "Fundi, mbona inapiga kelele tu haiendi?"

"Nondo hiyo, mama."

Hapo fundi hufanya moja kati ya mambo mawili. Anashuka, anatafuta penseli na kufikiri upya. Au anaiegemea mashine kwa kifua na kusukuma. Wengi husukuma. Ukiifahamu mashine yenyewe, na ukifahamu nondo ile imewekwa pale kufanya nini, utaona kwamba kusukuma ndilo jibu baya kuliko yote.

Tuanze na mashine, kwa sababu kuna drili mbili zinazofanana kwa macho na watu huzichanganya dukani. Ya kwanza ni ile ya nyumbani, yenye alama ndogo ya nyundo kwenye swichi. Ndani yake mna sahani mbili za chuma zenye meno. Moja inapozunguka huku ikigusana na nyingine, meno hupandana na kuangukiana, na biti hutikisika mbele na nyuma mara makumi ya maelfu kwa dakika. Mapigo ni mengi ila ni mepesi, na nguvu yake hutoka kwenye mkono wa anayeishika: usiposukuma, haipigi. Kwa tofali inatosha. Kwenye zege lililokomaa utakesha nayo.

Ya pili, drili ya zege hasa, ni chombo kingine kabisa. Mota inaendesha pistoni ndani ya silinda. Mbele ya pistoni hiyo kuna kipande cha chuma kinachoteleza huru, na kati ya viwili hivyo hakuna springi wala mkono wa chuma, ila hewa tu. Chukua pampu ya baiskeli, ziba mdomo wake kwa kidole gumba, kisha sukuma mpini: hewa inajibana, halafu inakurudishia mpini kwa nguvu. Humu hewa hufanya kazi hiyohiyo. Pistoni ikienda mbele inaibana hewa, hewa inakirusha kile kipande huru, nacho kinagonga kitako cha biti. Mashine ya kilo mbili au tatu hupiga zaidi ya mara 4,000 kwa dakika, na kila pigo lina jouli mbili hadi tatu za nishati. Kwa kuwa mpigaji ni hewa, kazi ya fundi ni kuielekeza mashine na kuizuia isirudi nyuma, basi. Akiiegemea kupita kiasi, mtindo wa hewa kubana na kuachia unavurugika, na pigo linadhoofika badala ya kuongezeka.

Hata namna biti inavyokaa imefuata mantiki hiyo. Mtu akiishika drili ya zege kwa mara ya kwanza hudhani ni mbovu, kwa sababu biti inacheza: unaweza kuivuta na kuisukuma kama sentimita moja bila kuitoa. Imekusudiwa hivyo. Kitako cha mfumo wa SDS, ambao kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutoa mwaka 1975, kina mifereji miwili iliyo wazi inayoizungusha biti, na vishimo viwili vilivyofungwa vinavyoizuia isichomoke. Katikati ya mipaka hiyo biti iko huru kwenda mbele na nyuma, ili pigo liingie kwenye biti peke yake, lisipotee katika kutikisa mdomo mzima wa mashine. Ndiyo maana kitako hupakwa grisi kidogo kila kinapoingizwa. Kikikauka kinajichubua, na baada ya muda biti haitoki tena bila ugomvi.

Sasa tazama kinachotokea mwisho wa tundu. Mashine ikizunguka mara 1,000 kwa dakika na kupiga mara 4,500, basi kati ya pigo na pigo biti imegeuka nyuzi 80. Kila pigo linaangukia mahali papya, linaponda, linahama, linaponda tena. Mababu wa kazi hii walifanya vivyo hivyo kwa tindo na nyundo: piga, geuza tindo kidogo, piga. Hakuna kukata hapo hata kidogo. Makali ya biti ya zege, ukiyatazama kwa karibu, ni butu. Yana pembe pana ambayo haiwezi kunyoa kitu chochote. Yametengenezwa kuvunja. Na zege huvunjika, kwa kuwa kokoto na saruji iliyoganda ni vitu visivyojua kupinda. Vikizidiwa vinapasuka, vinakuwa vumbi, na mifereji ya biti inalitoa vumbi hilo nje.

Chuma hakina tabia hiyo. Ukikigonga kinabonyea, kinasukumwa pembeni kidogo, kisha kinangoja pigo linalofuata. Kinachohitajika kwenye chuma ni makali yaliyochongoka, mwendo wa polepole, mafuta kidogo, na mgandamizo wa kudumu unaotoa nyuzi za chuma zilizojikunja. Zege hupondwa, chuma hukatwa: tundu moja linapita ndani ya vitu viwili vinavyodai njia mbili tofauti, na mashine iliyoko mkononi inajua njia moja tu.

Kinachoumia kwanza ni ncha. Ncha ya biti ya zege haikutengenezwa kwa chuma kama mwili wake, bali kwa kabidi ya tungsteni, punje ngumu mno zilizoshikamanishwa kwa kobalti. Mjerumani Karl Schröter aliipata mwaka 1923 akiwa katika kampuni ya taa ya Osram jijini Berlin, ambako walitafuta kitu kigumu cha kuvutia nyuzi za tungsteni za ndani ya balbu. Miaka michache baadaye kampuni ya Krupp ikaanza kuiuza kwa jina la Widia, na ikaingia kwenye karakana za dunia nzima. Ni ngumu kupindukia, lakini ugumu si ustahimilivu. Kabidi huvumilia kuponda jiwe maelfu ya mara. Ikigongwa upande mmoja na ukingo wa nondo, humeguka. Tena kipande hicho kimechomelewa kwenye biti kwa madini laini zaidi. Biti ikizungushwa juu ya chuma bila kusonga, joto hupanda, ncha inakuwa ya buluu, uchomeleaji unalainika, na kipande cha kabidi kinabaki ndani ya tundu. Hapo umekwama mara mbili, maana sasa chini kuna nondo na juu ya nondo kuna kabidi. Biti za bei ya kutupa zinazouzwa kwa pakiti huishia hivi mapema zaidi.

Nondo nazo hazikuwekwa kumkomoa fundi wa drili. Mwaka 1867 mtunza bustani Mfaransa, Joseph Monier, alipata hataza ya vyungu vikubwa vya mimea vilivyotengenezwa kwa saruji yenye wavu wa chuma ndani. Vyungu vya saruji tupu vilikuwa vikipasuka. Kisa ni kwamba zege hubeba mzigo mkubwa likibanwa, lakini likivutwa uwezo wake ni kama sehemu moja ya kumi ya huo. Chuma hakijali kuvutwa. Ikatokea bahati njema ya maumbile: vitu hivi viwili hutanuka kwa joto kwa kiwango kinachokaribiana, kwa hiyo jua la mchana na baridi ya usiku havivitenganishi. Na zege jipya lina ualkali mkali, pH ya 12 hadi 13, unaojenga juu ya chuma utando mwembamba unaozuia kutu. Mchanganyiko mzima unategemea mambo hayo matatu, na tundu la drili linaweza kugusa mawili kati yake.

Basi nondo zikoje, na wapi? Kwenye slabu zimesukwa pande mbili, mara nyingi kila milimita 150 au 200, zikiwa zimefunikwa na zege la milimita 20 au 25 tu. Kwenye bimu na nguzo kuna nondo nene za urefu mzima, milimita 12, 16, 20 au zaidi, zimezungukwa na ringi za nondo nyembamba, na zege linalozifunika huwa nene kidogo. Nondo za kisasa zina siri nyingine: nyingi hupoozwa kwa maji ghafla zikitoka motoni kiwandani, hivyo ganda la nje ni gumu kuliko kiini. Milimita ya kwanza ndiyo ngumu kuipita.

Hebu tupige hesabu ambayo wateja hawaipigi. Chukua slabu yenye nondo za milimita 12 kila milimita 150 kwa pande zote mbili, na tundu la milimita 12 linalozama kupita nondo hizo. Biti itagusa nondo ikiwa kitovu chake kimeangukia ndani ya milimita 24 kati ya kila 150, yaani asilimia 16 kwa upande mmoja. Ukijumlisha pande mbili, uwezekano wa kugusa chuma ni karibu asilimia 29. Sasa funga bamba lenye matundu manne chini ya slabu hiyo, na chukulia kwamba kila tundu linajitegemea: uwezekano wa yote manne kupita salama ni kama robo tu. Kukutana na nondo si mkosi, ni jambo la kutarajia. Fundi anayekuja bila mpango wa nondo amekuja na nusu ya vifaa.

Mahali ambapo suala hili linanisumbua zaidi ni kwenye viyoyozi. Majengo mengi ya ghorofa ya Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi yamejengwa kwa nguzo, bimu na slabu, na kuta zake ni tofali za kujazia tu. Bimu hupita juu ya ukuta, chini ya slabu. Kiyoyozi nacho hufungwa juu, kwa sababu hewa baridi hushuka na kwa sababu mwenye nyumba anataka kionekane kimepanda vizuri. Bomba lake linahitaji tundu la milimita 65 hivi, tena lenye kuinama kidogo kuelekea nje ili maji yatiririke. Ukipima, utakuta tundu hilo linaangukia mara kwa mara kwenye sentimita za chini kabisa za bimu.

Hapo ndipo pabaya. Bimu ikibebeshwa mzigo hulegea katikati kwenda chini: upande wa juu unabanwa, wa chini unavutwa. Kwa hiyo katikati ya urefu wake nondo kubwa zimelazwa chini. Karibu na nguzo mambo hugeuka, mvuto unahamia juu, na ringi zinasongamana ili kuzuia mpasuko wa mshazari. Chukua bimu yenye nondo tatu za milimita 16 upande wa chini. Ukikata moja, umeondoa theluthi ya chuma kinachoishikilia pale. Jengo halitaanguka jioni hiyo. Wahandisi huweka akiba katika hesabu zao, na ghorofa haibebi mzigo wake wote kila siku. Lakini akiba hiyo iliwekwa kwa ajili ya saruji iliyochanganywa vibaya, kwa ajili ya tangi la maji ambalo mpangaji ataliweka darini bila kuuliza, kwa ajili ya tetemeko. Si ya fundi wa kiyoyozi kuila kwa mchana mmoja.

Dawa mara nyingi ni rahisi kiasi cha kuchekesha. Shusha kiyoyozi sentimita 20, tundu litoke kwenye tofali. Nimeona wateja wakikataa kwa sababu ya urembo wa ukuta, na mafundi wakikubali kwa sababu hawalipwi kubishana. Anayelipwa kwa tundu hulipwa kutoboa; akitumia nusu saa kupapasa ukuta, hiyo nusu saa ni yake mwenyewe.

Kupapasa lakini kunalipa. Kuna vipimaji vya sumakuumeme vinavyoburuzwa juu ya zege na kulia vinapopita juu ya chuma. Vile vizuri hueleza pia nondo iko kina gani. Pasipo kipimaji, kuna kubisha kwa nyundo ndogo kutofautisha bimu na tofali, kuna ramani ya jengo ikiwa mwenyewe anayo, na kuna tundu dogo la majaribio la milimita 5 au 6 kabla ya lile kubwa. Tundu hilo likigonga chuma limeharibu kidogo sana, na limeshakueleza mstari wa nondo nzima, maana nondo hukimbia moja kwa moja. Ukizijua mbili zinazofuatana, umezijua nafasi za nyingine kwa kukisia, ingawa wafunga nondo nao ni binadamu na saa kumi jioni nafasi huanza kutanuka.

Katika majengo marefu ya siku hizi lipo jambo zito zaidi. Baadhi ya slabu hazina nondo za kulala tu, bali nyaya za chuma zilizovutwa kwa jeki baada ya zege kushika. Waya mmoja wa milimita 12.7 au 15.2 huvutwa kwa nguvu ya kati ya tani 14 na 20, na hubaki umevutwa maisha yote ya jengo. Huo haukatwi. Ukikatika, nguvu hiyo inafunguka kwa mara moja, na waya unaweza kuruka nje ya zege kukiwa na mtu mbele yake. Katika slabu ya namna hiyo, bila ramani na bila kupima hakuna kutoboa, hata kwa skrubu ya taa.

Tuseme basi mhandisi amekubali: nondo hii ni ya slabu, jirani zake zinatosha, na tundu haliwezi kuhama. Njia ya kwanza ni biti yenye makali manne badala ya mawili. Biti ya makali mawili huangukia kwenye kovu ililojichimbia pembeni mwa nondo na kunasa humo. Ya makali manne hukaa sawa, na kwa subira huitafuna nondo nyembamba hadi ipite, bila kusukumwa. Njia ya pili ni kuzima nyundo, kutoa biti ya zege, na kuingiza biti maalumu ya kukatia nondo, inayozunguka tu kwa mwendo mdogo. Hiyo hunyoa chuma kama inavyotakiwa. Nondo ikikatika, unarudisha biti ya zege na kuendelea. Ni kubadilisha vifaa mara mbili kwa tundu moja, ndiyo maana watu wachache huwa na uvumilivu huo.

Njia ya tatu ni kuacha nyundo kabisa. Mashine ya kutoboa kwa almasi ni bomba lenye vipande vya almasi mdomoni, imefungwa kwenye mguu wake ukutani, na maji yanapita ndani yake muda wote. Haigongi. Inasaga duara nyembamba, zege na chuma pamoja, na mwisho inatoa gogo la zege lenye nondo imekatwa safi kama mtu aliyeichonga. Mwendeshaji husoma maji: yakitoka mazito ya kijivu, yuko kwenye zege, yakianza kutoka meupe na mashine ikapunguza mwendo, amefika kwenye chuma, naye hulegeza mkono. Kwa tundu la milimita 65 hii ndiyo njia ya kistaarabu. Hatari yake ni kwamba inapita kimyakimya. Drili ya nyundo angalau hupiga kelele ikigusa nondo. Ya almasi humkatia mtu bimu nzima bila jirani kujua.

Mwili wa fundi nao umo katika hesabu. Biti ya zege ikinasa kwenye ukingo wa nondo huku mota inazunguka, mashine yenyewe ndiyo hugeuka. Mashine nzuri ina klachi inayoteleza na kutoa mlio wa kukwaruza. Isiyo na klachi, au iliyochakaa, huzungusha kifundo cha mkono, na aliye juu ya ngazi huzungushwa mzimamzima. Mpini wa pembeni si pambo. Halafu vumbi. Mchanga na kokoto nyingi zina silika, na vumbi lake laini, lile usiloliona hewani, huingia ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu yasiyopona. Mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka silika ya fuwele inayovutwa kazini kwenye kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa. Bado mafundi wetu husafisha tundu kwa kulipuliza kwa mdomo, uso ukiwa sentimita chache kutoka ukutani. Pampu ndogo ya mpira au kifyonza vumbi hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, na barakoa yenye kichujio ni rahisi kuliko hospitali. Tundu lisilosafishwa lina kosa jingine pia: boliti inayogandishwa kwa gundi itashika vumbi, si zege.

Yanabaki matundu yaliyoshindikana, yale yaliyogonga nondo yakaachwa. Pwani hayo ndiyo yenye madhara ya polepole. Tundu lililo wazi huiacha nondo bila zege lake, na hewa ya chumvi ya Tanga, Unguja au Lamu haihitaji mlango mkubwa. Kutu hujaa nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichokuwepo, husukuma zege kutoka ndani, na miaka michache baadaye lipu inavimba na kumeguka mahali ambapo hakuna anayekumbuka kwamba palitobolewa. Kwa hiyo tundu lililoachwa husafishwa, huloweshwa, na kushindiliwa saruji isiyonywea hadi lijae. Tundu jipya likihama bila la zamani kuzibwa, liwe mbali angalau mara mbili ya kina cha lile lililoshindikana. Likizibwa kwa saruji yenye nguvu, linaweza kusogea karibu zaidi. Kama bamba la chuma limeshachongwa matundu yake manne na nafasi hairuhusu kuhama, ni bamba ndilo linalotobolewa upya. Chuma hicho kiko mezani, kwenye mwanga, na hakijabeba ghorofa ya mtu.